Nani Anawaambia Kuwa Wao ni Miungu?

Wadogo zangu, wiki hii kona yote nimeitoa kwa barua moja. Mlioniuliza kuhusu wachumba na ada za shule mnivumilie, zamu yenu itafika.

Barua imetoka Chisenga, kisiwa kilichoko pale mto Luapula unapojimwaga katika ziwa Mweru, upande wa Nchelenge, Zambia. Aliyeandika ni msichana wa miaka 17. Ananiita Yaya, kwa Kiswahili cha ng'ambo ya Congo alikozaliwa mama yake, na katikati ya mistari anaingiza Kibemba bila kuomba radhi, jambo lililonifurahisha sana. Anaandika riwaya. Ameshajaza madaftari mawili na nusu. Ni hadithi ya wanafunzi watano wa shule ya bweni ambao usiku mmoja, umeme umekatika, wanagundua kwamba wao ni miungu. Mmoja ni mungu wa radi, mwingine wa bahari, mwingine wa vita, mwingine wa mapenzi, na wa tano, yule mkimya wao, ni mungu wa kifo.

Ana maswali mawili. Shangazi yake aliliona daftari la kwanza, akasoma kurasa chache, akasema hayo ni mambo ya shetani na yaishie jikoni motoni. Je, anatenda dhambi? Swali la pili naliweka hapa kama alivyoliandika: "Yaya, wameshajua kuwa ni miungu. Sasa wafanye nini? Kalamu imegoma."

Mdogo wangu, kwanza yalinde madaftari. Piga picha kila ukurasa kwa simu, yako au ya mtu unayemwamini, kisha zitume picha hizo kwa mtu wa pili. Fanya hivyo leo, haya mengine yatakusubiri.

Ukimaliza, rudi kwa shangazi, na urudi kwa adabu. Usimfanye adui wa vitabu. Zambia ilitangazwa kuwa taifa la Kikristo tarehe 29 Desemba 1991, na tangu 1996 tamko hilo limo katika utangulizi wa katiba. Mwanamke aliyeishi katika hali hiyo, kwenye mwambao uliojaa makanisa, akikuta mtoto wa nyumbani ameandika "mimi ni mungu", lazima moyo umwende mbio. Tena kuna jambo ambalo nadhani hujalifikiria. Shangazi yako ni mtu wa Luapula. Tangu utotoni amesikia habari za ngulu, wale pepo wa mahali, wanaokaa kwenye maporomoko ya maji, vilima, mawe makubwa na chemchemi. Atakuwa amesikia habari za Lumangwe, joka linalosemwa kukaa kwenye maporomoko ya mto Kalungwishi, mto ambao maji yake yanaishia humo humo Mweru mnamooga. Huenda amewahi kumwona mtu akipandwa na ngulu, ngoma zikapigwa mpaka kukacha. Kwako wewe, miungu watano ni mchezo uliouokota kitabuni. Kwa shangazi, jambo hilo lina watu ndani yake, lina gharama, na yupo aliyelia kwa ajili yake. Katika nyumba yenu, anayeichukulia riwaya yako kwa uzito zaidi ni shangazi.

Kuhusu dhambi, mimi si mchungaji wala shehe, na sitajifanya. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wapo waumini wa dhati waliotunga visa vya miungu na imani yao ikabaki palepale. C. S. Lewis, ambaye vitabu vyake vya kuitetea imani ya Kikristo vinasomwa na Wakristo hadi leo, aliwaweka mungu Bacchus na mungu wa mto ndani ya Prince Caspian, kitabu cha watoto cha mwaka 1951. Miaka mitano baadaye akakiandika upya kisa cha kale cha Psyche, binti aliyependwa na mungu lakini hakuruhusiwa kuuona uso wake. Na huku kwetu, Shaaban Robert alitia majini na watu waliogeuzwa manyani katika Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, na vizazi vya wanafunzi vimekisoma kama kitabu cha maadili. Kumtunga mungu hadithini ni kazi moja, kumpigia magoti ni nyingine.

Lakini usimpelekee shangazi mifano hiyo kama wakili aendaye mahakamani. Mpelekee ombi. Mwambie, "Shangazi, naomba unisimulie ulichowahi kuona." Kisha unyamaze. Chambua maharage, kanda unga, fanya lolote la mikono, ila usikilize. Akikataa, usimshurutishe, mwombe tena siku nyingine. Akikubali, utakuwa umepata mambo ambayo hakuna duka la vitabu Lusaka linaloyauza, na yeye atakuwa ameingia ndani ya riwaya yako kwa mlango wa heshima. Sijui kama atabariki madaftari. Najua kwamba mtu huona vigumu kuchoma kitu ambacho sauti yake imo ndani.

Sasa hilo la kalamu kugoma, ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nikupe kona yote.

Umeniambia ulisoma kitabu kimoja kilichochakaa, hakina jalada, cha mvulana wa Marekani anayegundua kuwa baba yake ni mungu wa bahari. Hicho ni The Lightning Thief cha Rick Riordan, kilichotoka 2005. Riordan alikuwa mwalimu wa shule huko Texas. Mwanawe, Haley, alipata shida ya kusoma na ya kutulia darasani. Baba akawa anamsimulia visa vya miungu wa Wagiriki usiku kabla ya kulala, na visa vilipomwishia, mtoto akataka vingine. Ndipo Riordan akambuni Percy, mvulana mwenye shida zilezile za Haley, na katika hadithi shida hizo zikawa ndizo dalili za uungu wake. Tazama kilichofanyika hapo. Mzazi alimtazama mtoto mmoja aliyemjua kwa jina, anayeteseka na masomo, akamtungia ukoo utakaompa nafasi ya kusimama. Ukoo ule ulikatwa kwa kipimo cha Haley. Wewe umeuchukua ukawavisha vijana wa Nchelenge, na sasa unashangaa kwamba hawawezi kutembea. Radi, bahari, vita, mapenzi, kifo: hizo ni kazi zilizogawiwa huko Ugiriki. Mtoto wa Chisenga anayajua maji ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 100, anajua upepo wake, anajua usiku gani mtumbwi hautoki. Bahari hajaiona. Akiambiwa yeye ni mungu wa bahari atafanya nini nayo?

Sikukatazi kuota makubwa. Tomi Adeyemi, Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria, alikwenda Brazil, na katika mji wa Salvador akakutana na picha za orisha, miungu wa Wayoruba, ambao walivuka Atlantiki pamoja na watu waliouzwa utumwani. Kutokana na picha zile akaandika Children of Blood and Bone, kilichotoka 2018, na vijana duniani kote wakakigombania. Yeye alilazimika kwenda mbali hivyo ili kukutana na miungu ya babu zake. Hapo Zambia kwenu, Malenga Mulendema alikua akitazama katuni ambazo mashujaa wake hawakufanana naye hata kidogo, akaja kuwatunga wasichana wanne wa shule wanaoilinda Lusaka ya miaka ijayo. Katuni hiyo, Supa Team 4, ilianza kuonyeshwa Netflix Julai 2023. Wasichana wake hawana uungu wowote, na bado nakushauri uitafute, kwa sababu mji wanaoulinda una jina na ni mji wao.

Tuje kwenye miungu ya upande wetu. Nikusimulie kijana mmoja aliyekuwa na damu ya kuzimu bila kujua.

Kisa ni cha Bunyoro-Kitara, magharibi ya Uganda, na John Nyakatura alikiweka kwa lugha yake katika kitabu cha historia ya wafalme wa huko, kilichotoka 1947. Mfalme Bukuku aliambiwa na waaguzi kwamba mtoto atakayezaliwa na binti yake, Nyinamwiru, atamletea maangamizi. Akamfungia binti. Hata hivyo akafika Isimbwa, mgeni ambaye upande wa mama yake alikuwa mjukuu wa mfalme wa kuzimu, na Nyinamwiru akazaa mtoto wa kiume. Bukuku akaamuru kichanga kitupwe mtoni. Mtoto hakufa. Mfinyanzi mmoja akamchukua, akamlea kama wake, na jina lake likawa Karubumbi, kutokana na mfinyanzi huyo. Akakua akiwa mkorofi, mtoto asiyekubali kupangwa foleni. Siku moja akagombana na wachungaji wa mfalme mahali pa kunyweshea ng'ombe, habari zikamfikia Bukuku, Bukuku akaja mwenyewe, na kijana akamchoma mkuki. Kisha akaenda kukikalia kiti. Akawa Ndahura, wa kwanza wa wafalme wa Wachwezi, wale ambao baadaye walitoweka duniani na kuendelea kuwapanda watu kama pepo.

Najua macho yako yatakimbilia mkuki. Yarudishe kwa mfinyanzi. Yeye hakuwa na uungu wowote. Alikuwa na udongo, tanuri, na kinywa kilichofungwa. Miaka yote ile alimtazama mtoto akijua ni wa nani, akijua kwamba neno moja likiponyoka sokoni wote wawili wamekwisha. Alimpa chakula, akampa jina, akamvumilia ukorofi. Katika riwaya yako, mdogo wangu, mfinyanzi yuko wapi? Vijana wako watano wameanguka kutoka mbinguni moja kwa moja hadi bwenini. Hakuna bibi aliyewaficha, hakuna mpishi wa shule anayejua, hakuna mjomba aliyevuka nao ziwa usiku.

Kuna la pili katika kisa hicho, na hilo ndilo jibu la "sasa wafanye nini". Ndahura hakuachwa akae na uungu wake kwa raha. Watu walimjia. Katika Buganda, anakojulikana kama Ndawula, alihusishwa na ugonjwa wa ndui. Kwenye kilima cha Mubende, kuhani wake wa kike aliyeitwa Nakayima alipokea watu waliokuja na shida zao, na mti mkubwa unaobeba jina hilo bado unatembelewa. Hakuna aliyekwenda Mubende kutazama uhodari wa mungu. Walikwenda na mtoto mwenye ndui, na tumbo lisiloshika mimba. Vijana wako wamegundua kuwa ni miungu na bado hakuna hata mtu mmoja aliyebisha hodi. Mlete mtu huyo. Alfajiri, kabla ya kengele ya shule, mwanamke asiyefahamika asimame kwenye lango la bweni na mtoto mgonjwa mgongoni, aseme, "Nimeambiwa yuko hapa." Kalamu ikigoma baada ya hapo, niandikie tena.

Mama yako naye anatoka upande wenye hazina kubwa. Mwulize habari za Kalala Ilunga wa Waluba. Naye alikuwa mtoto wa mgeni, mwindaji Mbidi Kiluwe, aliyezaliwa na dada wa mfalme Nkongolo na kulelewa katika boma la mjomba ambaye mwishowe alitaka kumwua. Nkongolo alichimba shimo, akatia mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka, akamwalika mpwa wake aje acheze ngoma juu yake. Mpiga ngoma akajua. Hakuweza kusema, kwa hiyo akaionya miguu ya kijana kwa midundo, na kijana akaelewa, akaruka, akakimbia, akavuka mto kwenda kwa watu wa baba yake, akarudi na jeshi. Kila ninapokikumbuka kisa hiki nawaza juu ya mpiga ngoma aliyebaki nyuma, mikono bado iko juu ya ngozi, mfalme anamtazama. Sura nzima inaweza kuandikwa juu ya dakika hiyo moja.

Sasa nirudi Chisenga kwenyewe, kwa sababu nina wasiwasi kwamba unakikalia kisiwa chako bila kujua uzito wake. Katika simulizi za Luapula, kisiwa hicho kimo ndani ya habari za Nkuba, mfalme wa Washila, wavuvi waliotangulia kulishika ziwa. Nkuba alikuwa na dada aitwaye Nachituti. Alimwua mwana wa dada huyo, na wasimulizi husema ngozi ya kijana ikatandikwa mahali pa kukalia. Nachituti alipojua, alikwenda kwa Mwata Kazembe wa Walunda kuomba kisasi. Kazembe akatuma watu, Nkuba akauawa, na Nachituti akamletea Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji. Kwa vitu hivyo viwili akamkabidhi nchi na ziwa. Mwanahistoria David Gordon aliiona zawadi ile kuwa kubwa kiasi cha kukipa kitabu chake cha 2006, kinachohusu uvuvi na maisha ya watu wa Luapula, jina la mama huyo. Na kila mwaka mwishoni mwa Julai, Mwata Kazembe anapocheza Mutomboko huko Mwansabombwe, kinachokumbukwa ni ushindi wa Walunda katika bonde hilo.

Mdogo wangu, nikwambie ukweli: katika kisa hicho anayenitisha si mfalme yeyote. Ni mama aliyebeba kapu. Hakutupa radi. Alikuwa na msiba, na alikuwa na haki juu ya udongo na maji, na kwa hivyo viwili akabadilisha nani anatawala bonde zima. Riwaya yako ina vijana watano wenye nguvu, na hakuna hata mmoja anayejua ziwa ni la nani. Wavuvi wanajua. Zamani palikuwa na wenye vidimbwi na mikono ya maji, ambao bila wao kufanya mambo yao kwa mizimu, msimu haukufunguliwa. Mamlaka yao yalikuwa ya kumwambia mtu "bado", na mtu akangoja.

Waulize wazee habari za mpumbu. Wakati wa mvua samaki hao walipanda Luapula kwenda kutaga, wengi mno, na bonde zima likala na kuuza. Kisha zikaja nyavu nyingi na soko kubwa la migodi. Wagiriki walifanya makao Kasenga, ng'ambo ya Congo, wakawa wananunua na kuvua kwa ajili ya Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Ulitaka Wagiriki katika riwaya yako? Historia ya mto wenu inao wa kweli, wenye mashua na barafu. Kufikia katikati ya karne iliyopita mpumbu walikuwa wameanguka, na msafara ule mkubwa haukurudi kama ulivyokuwa.

Hapa nina wazo. Nakupa bure, na ukilikataa sitanuna. Yule mkimya wako, mungu wa kifo, mwondolee kifo. Mfanye awe ngulu wa samaki ambaye hapandi tena mto. Amezaliwa na nguvu ya kuwaita, anaisikia mwilini kila mvua zinapoanza, anaita, na mtoni hakuna wa kuitika. Ana miaka 16. Wavuvi wanakuja kwake usiku wakitaka samaki, na miongoni mwao yupo baba yake mwenyewe mwenye wavu wa matundu madogo. Atawajibu nini? Sijui. Ningependa sana kusoma wewe utakavyojibu.

Lipo jambo moja ambalo sitalipita haraka, na wadogo zangu wengine mnaosoma mlishike pia. Kumwambia mtoto kwamba ana nguvu zisizo za kawaida ni neno la hatari katika nchi zetu. Ng'ambo ya Congo wapo watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu mtu mzima alisema wana uchawi. Wapo watu wenye ualbino waliouawa au kukatwa viungo kwa sababu mtu alisema miili yao ina nguvu. Filamu ya Rungano Nyoni, mzaliwa wa Lusaka, I Am Not a Witch ya mwaka 2017, ni ya msichana mdogo anayeitwa Shula. Anasingiziwa uchawi, anafungwa utepe mweupe mgongoni, anaambiwa akiukata atageuka mbuzi. Kisha ofisa wa serikali anaanza kumzungusha huku na huko ili amtumie: aamue nani mwizi, alete mvua. Watu wazima walimpa mtoto nguvu asiyoijua, halafu wakaivuna wao.

Kwa hiyo katika riwaya yako swali la kwanza liwe hili: nani anawaambia hao watano kuwa wao ni miungu, na yeye anapata nini? Kwa sasa anayewaambia ni sauti itokayo gizani. Sauti haina njaa, haina deni, haina kampeni ya uchaguzi. Mpe mwili. Awe mwalimu mwenye nia njema, au nabii wa kanisa jipya anayetafuta waumini, au mfanyabiashara wa samaki, au bibi anayejua kweli lakini amechelewa kusema. Kila mmoja wa hao atakupa kitabu tofauti kabisa. Na vijana wako wasikubaliane. Mmoja aamini upesi kwa kuwa nyumbani hakuna aliyewahi kumwambia ana thamani. Mwingine akatae hadi ukurasa wa mwisho.

Na ikiwa wewe mwenyewe, au rafiki yako, umewahi kunyooshewa kidole namna hiyo nje ya hadithi, weka kalamu chini kwanza. Zambia ina Sheria ya Uchawi tangu 1914, na kwa sheria hiyo kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa. Nenda kwa mwalimu, nenda kituo cha afya, nenda kwa mtu mzima asiyeogopa jamaa zako, na useme. Niandikie hata mimi. Barua ya aina hiyo sitaichapisha.

Lugha: umeniuliza pembeni kama uhamie Kiingereza ili usomwe mbali. Namwali Serpell, Mzambia, aliandika The Old Drift kwa Kiingereza, kikatoka 2019 na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Arthur C. Clarke ya hadithi za kubuni za kisayansi. Njia hiyo ipo. Ila madaftari yako yana uhai pale unapoandika kwa lugha unayogombania nayo nyumbani. Andika kwa hiyo hadi mwisho. Ikibaki Kiswahili, ipo tuzo ya Kiswahili ya fasihi ya Afrika iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inayopokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Kwa sasa isahau. Hujamaliza daftari la tatu.

Kuna kurasa mbili katika picha ulizonitumia ambapo unaeleza wanaume wakitoka kuvua chisense usiku usio na mwezi, taa zikiinamishwa juu ya maji, na dada mkubwa wa mungu wa vita amesimama ufukweni akihesabu taa ili ajue kama zote zimerudi. Hakuna uungu hata kidogo katika kurasa hizo mbili, na ndizo bora kuliko zote. Zisogeze mbele. Riwaya ianzie hapo, kabla ya bweni, kabla ya umeme kukatika. Msomaji wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kusikia jina la Mweru atasimama na dada huyo kuhesabu taa, na baadaye ukimwambia mdogo wake ni mungu, atakuwa na sababu ya kuogopa.

Tarehe 1 Desemba uvuvi unafungwa hadi mwisho wa Februari, na wazee, ambao kwa kawaida hawana nafasi hata ya salamu, watakuwa nchi kavu wakishona nyavu. Chukua daftari la tatu uende kukaa nao. Waulize nani alikuwa akisema "bado", na siku aliyoacha kusikilizwa ilikuwaje. Kwa kila unayemwuliza, peleka hata kipande cha sabuni au majani ya chai, usiende mikono mitupu. Halafu uniletee sura ya mwanamke aliye langoni na mtoto mgongoni, hata kama haijanyooka.